Mwaka wa Petroli ya Kupimiwa

Habari ya kifo cha Dahir Gedi ilinifikia nikiwa jikoni kwangu Lamu, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Aliyepiga simu ni bintiye, Hodhan, niliyemjua akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisema, "Eeddo Zuhura, baba ametangulia," akiniita shangazi kwa Kisomali, na nyuma yake nikasikia watu wanasoma Yasini. Siku ya pili mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake hadi Garissa kuhani. Tulipita njia ya Ijara, ambayo siku hizi imetiwa lami sehemu kubwa, na kijana wa watu akaendesha kama anayefukuzwa. Akiona tuta mbele anaongeza mwendo, akilifikia anafunga breki, sote tunapiga kichwa mbele, kisha anakanyaga mafuta upya mpaka gari linanguruma. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikamwambia, "Mwanangu, lile tuta umeliona tangu kule. Unalikimbilia la nini?" Akacheka. "Bibi, gari hili la kisasa, linajua lenyewe." Nilitazama dirishani nikiwa na hasira isiyolingana na kosa lake, na nilijua vizuri hasira ile si yake yeye.

Matangani tuliketi wanawake juu ya mikeka, chai ya iliki inazungushwa, na mkwe mmoja wa marehemu akaniuliza tulijuana vipi na mzee. Nikasema, "Alikuwa dereva wangu, na tuligombana mwaka mzima." Wakatabasamu kwa adabu, maana msibani mtu haulizwi zaidi. Lakini ningeulizwa ningesema, na ndiyo maana naandika. Nilikotoka na jinsi nilivyoupata uuguzi si habari ya sura hii. Hii ni habari ya mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vikiwa vimepamba moto, nami msichana wa Kiamu, peke yangu, mwenye kanzu nyeupe mbili na kiburi cha kutosha watu watatu.

Nilipanga chumba Garissa, nyuma ya duka la Mama Khadija, mjane aliyeuza sukari, majani ya chai na vitambaa. Ukuta kati ya chumba changu na duka ulikuwa wa udongo mwembamba, na asubuhi, nikila anjera yangu, ile mikate yao ya maji, kwa samli na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nilisikia mji mzima ukizungumza upande wa pili. "Lori limekanyaga bomu njia ya Bura." "Lipi?" "Lile la mahindi." "Waliokuwamo?" "Allah awarehemu. Khadija, sukari imebaki?" Sauti ilikuwa ile ile moja, ya bomu na ya sukari. Mwanzoni nilidhani watu wale wana mioyo migumu. Ilinichukua miezi kujua kwamba walikuwa wamechoka tu, na mtu aliyechoka hana sauti ya akiba.

Kazi yangu ilikuwa zahanati ya safari: Landrova moja kuukuu, masanduku ya dawa, mimi na dereva. Tulikwenda Ijara na vijiji vya njiani, ambako wafugaji walikuwa wamekusanywa ndani ya boma la miiba chini ya ulinzi, mifugo yao ikifa kwa kukosa malisho na watoto wao wakiugua surua. Wagonjwa hawakuwa tatizo letu kubwa, wala barabara. Tatizo lilikuwa petroli. Kwa hofu kwamba itawafikia waasi porini, petroli yote ya mji iliwekwa ndani ya ua wa seng'enge, na kila mwenye safari alipimiwa ya kwenda na kurudi. Ukirudi, mlinzi anatumbukiza mpira ndani ya tangi na kuifyonza iliyobaki mpaka tone la mwisho. Mwenye ua ule tulimwita Bwana Mafuta. Jina lake halisi nimelisahau, na sijuti.

Dahir alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na kwa heshima nilimwita Adeer, kama watu wa huko wanavyomwita baba mdogo. Yeye aliniita Sista Suhura, kwa kuwa herufi ya zedi haikumkaa mdomoni, kama vile pe ilivyomgeukia kuwa be. Aliendesha pekupeku. Viatu, alisema, vinamfanya mtu asisikie gari linataka nini. Alfajiri, kabla ya joto, alikung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, akapiga teke tairi moja moja na kulijaza lililolegea kwa pampu ya mkono, kisha akashusha kila kisichohitajika: mnyororo, sanduku la chuma, na siku moja hata kiti changu cha kukunjwa. "Hiki kiti kinakunywa betroli," aliniambia. Tukishaondoka alipanda gia ya juu mapema na kubaki nayo. Kwenye mteremko aliondoa mguu, gari likajiendea lenyewe kama mtu anayetembea huku akiwaza. Breki hakuigusa ila kwa dharura, maana aliona kizuizi tangu mbali na kupunguza mwendo akiwa bado na nafasi. Tukisimama hata kwa kumpisha ngamia anapita, alizima injini. Na ule mwendo wake! Mbuzi walitutazama kwa huruma.

"Adeer, tutafika lini?"

"Tutafika. Bole bole, lakini tutafika."

"Watu wanangoja tangu jana."

"Wanangoja gari, Sista. Gari likisimama borini bila mafuta, watangoja nini?"

Nilikuwa nikigeuza uso na kuhesabu miiba. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimesoma kwamba dakika huokoa maisha, na huyu mtu alizimwaga dakika zangu ovyo ili kuokoa vijiko vya petroli. Halafu tukirudi, mpira unaingia tangini, kile alichokiokoa kinarudi uani kwa Bwana Mafuta, na kesho tunaanza upya. Sikuona faida. Ukiniuliza leo, sina hakika kama naiona.

Kisha ikaja siku ya Shamsa. Alikuwa mke mdogo wa mchungaji mmoja wa Ijara, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto amelala vibaya, mkono umetangulia. Hapakuwa na la kufanya pale ila kumpeleka Garissa kwa daktari. Tulimlaza nyuma juu ya godoro la nyasi, mama mkwe wake akamshika kichwa, nami nikapiga magoti kando yake, na Dahir akaondoka kwa mwendo ule ule. Mwendo ule ule! Nilimvumilia mpaka Shamsa alipoanza kubadilika rangi ya midomo. Ndipo nikagonga kile kibati nyuma ya kiti cha dereva kwa ngumi.

"Kanyaga mafuta, Adeer! Anakufa!"

"Nikikanyaga, gari halitafika."

"Kanyaga nakwambia!"

"Sista, mchanga wa mbele bado. Mchanga unakula betroli." Sauti yake ilitetemeka, lakini mguu wake haukutetemeka. Mama mkwe alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, na kila gari liliporuka Shamsa aliushika mkono wangu, mpaka ikafika mahali hakuushika tena. Minara ya mji tulikuwa tumeanza kuiona. Nilimfunga macho mwenyewe. Mama mkwe hakulia. Alivua shuka yake akamfunika nayo, akakaa pale na mabega wazi, mwanamke mzee ambaye nadhani hakuwahi kutoka nje bila shuka.

Tulipomaliza kumkabidhi kwa jamaa zake mjini, tulipeleka gari uani kama sheria ilivyotaka. Mlinzi akatumbukiza mpira, nikasikia petroli ikimiminika ndani ya debe. Ilimiminika kwa muda mrefu. Nilisimama pale na kanzu yangu yenye damu nikiisikiliza, na kitu ndani yangu kikakatika.

"Imebaki!" nilimpigia kelele mbele ya watu. "Sikiliza! Imebaki, ungeweza kukimbia!"

Dahir alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu. "Sasa unajua imebaki," alisema. "Mimi kule njiani sikujua. Geji imekufa siku nyingi. Bale kwenye mchanga nilisema labda inatosha, labda haitoshi. Ningekosea, angekufa borini, na sisi bamoja naye." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini Wallahi, Sista, hata mimi nasikia hiyo sauti ya debe."

Siku nyingi hatukusema ila salamu. Nimelifikiri jambo hili miaka yote, nikiwa nimelala, nikiwa nazalisha, nikiwa nasubiri maji yachemke, na kila mara nafika pale pale. Alikuwa na haki. Na Shamsa alikufa. Yote mawili ni kweli, na hakuna moja linaloliondoa lenzake.

Juma lililofuata Bwana Mafuta alitupimia pungufu. Nikadhani amekosea. Nikaingia kwenye kibanda chake, akiwa anakula mahindi ya kuchemsha, na kumwambia tulichopewa hakitoshi Ijara.

"Kitatosha," alisema. "Mara ya mwisho mlirudisha karibu debe. Nyinyi wenyewe ndio mmenionyesha."

"Ilibaki kwa sababu tulikwenda mwendo wa punda!"

"Basi endeleeni na mwendo wa punda. Mtu amekukataza?"

"Na gari likikwama? Na tukipata mgonjwa wa kukimbiza?"

"Sista, mimi sipimi wagonjwa. Mimi napima petroli."

Nje, madereva wa magari mengine walikuwa wamesikia, wakacheka. Mmoja akatueleza walichokijua wote: kabla ya kuingia uani, mtu hukanyaga moto gari likiwa limesimama mpaka linakohoa, au huifungulia petroli, mchanga ukainywa. Ukirudi tangi likiwa kavu, kipimo chako hakiguswi. Nikamwambia Dahir nasi tufanye hivyo. Alinitazama kama nimemwambia tumwage maziwa ya yatima. "Mwenyesi Mungu habendi israfu," alisema, na hilo likaisha. Lakini Dahir hakuwa mtakatifu, alikuwa mtu mwenye akili. Alinijia siku chache baadaye kwenye mlango wa duka, tukanywa chai tumesimama, akasema polepole kwamba ile inayobaki si lazima irudi uani, wala si lazima imwagwe. Inaweza kukaa Ijara, ndani ya chumba chetu cha dawa kule bomani, mpaka siku atakapopatikana Shamsa mwingine. Siku hiyo, alisema, atakimbia. "Nitakimbia mbaka uniombe nibunguse." Ufunguo wa chumba cha dawa ulikuwa wangu. Niliuvua shingoni nikampa bila kufikiri mara mbili, na ningempa tena leo.

Akawa anaendesha kwa ubahili ambao hata yeye hakuwa nao kabla. Na akaanza kunifundisha mimi, kwenye kiwanja cha mchanga mgumu nje ya mji, kwa sababu aliyoisema bila kupepesa macho: "Wakinibiga risasi, nani atarudisha gari?" Alikuwa mwalimu wa kuudhi kupindukia. Alinivua viatu. Alinikataza kutazama usukani. "Tasama mbali! Mbona unatasama bua ya gari? Bua haiendi bobote bila wewe." Kila nilipogusa breki alitoa sauti ya mtu aliyechomwa mwiba. Nilirudi chumbani nikiwa nimejaa vumbi na matusi niliyoyameza, na Mama Khadija akanicheka, akinikatia nyirinyiri vipande vidogo, ile nyama yao iliyokaushwa na kukaangwa, na kuniuliza kama nataka kuwa mwanamume.

Debe letu la Ijara lilipokaribia kujaa, askari walipekua boma. Walitafuta bunduki, wakakuta petroli. Siku ile ile Dahir alikamatwa mjini, akiwa msikitini, akapelekwa kambini.

Nilikwenda kwa mkubwa wa kambi kabla sijala. Nikamwambia petroli ni ya zahanati, ufunguo ni wangu, nilijua tangu mwanzo, na kama kuna wa kufungwa tufungwe wawili.

"Wewe ni mtu wa Lamu," alisema. "Yeye ana ndugu porini."

"Hana."

"Kila Msomali ana ndugu porini." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. "Na hiyo petroli aliiba wapi?"

"Hakuiba. Iliokolewa. Kwa jinsi anavyoendesha."

Mkubwa akamtazama Bwana Mafuta, aliyekuwa ameitwa, na wote wawili wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kweli. Petroli inaokolewaje? Gari linakula kinacholiwa na gari. Nilijieleza kuhusu gia, breki, tairi, alfajiri, nikaona macho yao yakielekea mlangoni. Sijawahi kujisikia mjinga kama siku ile, nikiwa nasema kweli tupu. Basi nikasema, "Nipimieni. Kipimo cha zamani, kile cha kwanza. Niende Ijara na kurudi, mtu wenu akiwa kando yangu. Nisiporudisha, mfungeni." Nadhani walikubali ili waniondoe ofisini.

Tuliondoka na msafara wa malori ya chakula, koplo mmoja kijana kando yangu, bunduki katikati ya magoti. Nilikuwa pekupeku, na kanyagio lilikuwa la baridi. Malori yalikurupuka, yakasimama, yakakurupuka, nami nikajitahidi kuacha nafasi ili nisiyafuate kwa mshtuko, nikipita ndani ya alama za magurudumu yao kwa hofu ya bomu. "Sogea, sista, unaachwa!" koplo alilalamika. Kisha lori la mbele likazama mchangani. Amri ikapita mstarini: injini zisizimwe, tuwe tayari. Walichimba, wakasukuma, jua likapanda, na injini zote zikanguruma bure. Nilisikia kila mngurumo kama ile petroli inayomiminika debeni. Nikazima.

"Washa!" koplo akaruka. "Umesikia amri!"

"Tukisogea nitawasha."

Lori likatoka, msafara ukaanza kwenda, nikawasha, na gari halikuwaka. Betri ilikuwa ya kuzimia. Nikateremka na ile fimbo ya kuzungushia injini, nikazungusha, kimya. Vumbi la gari la mwisho lilikuwa linatulia. Koplo alikuwa anasali kwa lugha ya kwao na hakuteremka kunisaidia, na simlaumu, pori lile lilikuwa na macho. Nikazungusha nikilia, nikimtukana Dahir kwa sauti, yeye na mteremko wake na breki zake na Mungu wake asiyependa israfu, mpaka fimbo ikanirudia na kunichubua kifundo cha mkono, na injini ikashika. Tuliyakuta malori karibu na Ijara. Koplo hakusema nami tena, kwenda wala kurudi.

Uani, mpira ukaingia. Debe halikujaa, lakini lilifika juu ya nusu, na mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Bwana Mafuta aliinama akatazama ndani muda mrefu.

"Kumbe inawezekana," alisema.

Nilidhani nimeshinda.

"Basi," akaendelea, akijifuta mikono, "magari yote ya mji huu yatapata kipimo hiki, pungufu kwa hiki kilichobaki."

Dahir walimtoa siku ya tatu. Mkubwa wa kambi aliniambia hakuiba, hilo limeonekana, lakini alificha, kwa hiyo hataendesha tena gari lolote linalopimiwa pale. Nilimngoja langoni na Landrova. Alitoka amekonda, hina ya ndevu imefifia, jino moja la mbele halipo. Madereva waliokuwa wamepanga foleni ya petroli walimwona. Vipimo vyao vilikuwa vimeshapunguzwa kwa sababu yetu; hakuna aliyemsalimu, na mmoja alitema mate chini. Dahir aliwapungia mkono kama kawaida, akaja upande wa dereva, akanikuta nimekaa. Nilimweleza. Alisimama akiwa ameshika mlango, kisha akazunguka akaingia upande wa abiria, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa. Hakujua aweke wapi miguu yake.

Tulikwenda mpaka kwake. Mkewe alitoka mbio na Hodhan mgongoni. Kabla ya kuteremka Dahir alinishika mkono, akaona kifundo changu kilivyofungwa bendeji.

"Ilikubiga fimbo?"

"Ilinipiga."

"Kidole gumba hakisungushwi kwenye fimbo. Hilo sikukufundisha." Akafungua mlango, akaufunga tena. "Sista, Ijara kuna wajawasito wangabi sasa?"

Nikamwambia wako wengi, na wawili siwapendi walivyo.

"Usiende mwendo wangu kwa hao," alisema. "Kwa wengine nenda. Kwa hao, nenda mwendo wako."

Akateremka, akaingia ndani na watu wake. Nikageuza gari, nikaenda kuchukua petroli ya safari ya kesho, na Bwana Mafuta akanipimia kipimo kipya, pungufu kwa lile nusu debe nililookoa, akapiga kifuniko, akaniambia niseme ahsante, maana wengine hawajapata.